Kitabu cha Picha na Jua la Utosini

Karibu kila kitabu cha kufundisha upigaji picha kina ukurasa unaosema: mkalishe mtu karibu na dirisha linalotazama kaskazini, utapata mwanga mlaini. Mwanafunzi wa Dar es Salaam akifuata agizo hilo mwezi Juni, jua la asubuhi linaingia moja kwa moja, linamchora mtu kivuli cha nondo za dirisha shavuni, na jicho la upande huo linakunjamana. Hapo mwanafunzi hujiona hana kipaji, au hukiona kitabu kibovu. Wala si hivyo. Kitabu kiliandikwa Ulaya au Marekani, ambako jua la mchana hukaa upande wa kusini mwaka mzima, na dirisha la kaskazini hupata mwanga wa anga tu. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Huko jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba, na kati ya tarehe hizo saa sita ya mchana hulikuta upande wa kaskazini.

Kwa watu wa pwani kuna njia rahisi ya kulikumbuka jambo hili: dirisha hufuata upepo. Ikivuma kusi, kuanzia Aprili hadi Septemba, tumia dirisha la kusini. Ikivuma kaskazi, Novemba hadi Februari, dirisha la kaskazini linafanya kazi kama kitabu kilivyosema. Machi na Oktoba yajaribu yote mawili.

Tumeanza na dirisha kwa sababu linaonyesha vizuri jinsi kitabu cha picha kinavyopaswa kusomwa huku kwetu. Fizikia ya mwanga haina nchi, lakini mifano ya kitabu ina nchi. Mwandishi anatoa namba iliyofanya kazi chini ya anga lake, juu ya ngozi alizozizoea, ndani ya nyumba zenye umeme wa kwao. Anayekariri namba hukwama mapema. Anayeuliza namba imetoka wapi, huweza kuihamisha.

Kitabu chenyewe si lazima kiwe kipya. Kitabu cha miaka ya 1970 au 1980 kilichoandikwa kwa ajili ya kamera za filamu bado kinafundisha mwanga, tundu la lenzi (uwazi unaopitisha mwanga) na kasi ya shata (muda ambao pazia la kamera hubaki wazi) kwa usahihi uleule, na mara nyingi kwa uvumilivu zaidi. Wauza vitabu vya mitumba huwa navyo kwa bei ndogo. Vinavyochakaa haraka ni vile vinavyoeleza vitufe vya kamera ya aina moja tu. Kamera ikibadilishwa, nusu ya kurasa hazina kazi tena. Kitabu kimoja kizuri cha misingi kinatosha mwaka mzima. Kosa la wengi ni kusoma vitabu vinne mfululizo, hadi maneno yote yanafahamika na mikono haijui kitu. Soma kurasa tano au sita zinazoeleza jambo moja, funga kitabu, piga picha 30 za jambo hilo tu. Kesho yake rudia kurasa zilezile. Utakuta sentensi ulizozipita jana bila kuziona.

Na uwe na daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari, na somo vilevile. Kamera ya dijitali huandika yenyewe ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), tundu na kasi ndani ya faili, ila haiandiki jua lilikuwa upande gani, ulitarajia kuona nini, na umeona nini. Mistari mitatu kwa kila zoezi inatosha, mradi iandikwe palepale, kabla ya kurudi nyumbani. Ukishaiona picha kwenye kompyuta, kumbukumbu ya ulichotarajia huanza kujirekebisha ifanane na ulichopata.

Zoezi linalostahili siku nzima, kabla ya mengine yote, ni la kanzu na buibui. Funga kamba kivulini, mahali ambapo mwanga haubadilikibadiliki, utundike kanzu nyeupe, buibui jeusi, na kati yake sweta ya shule ya rangi ya kijivu. Weka kamera katika hali ya kuchagua tundu mwenyewe (kwenye kamera nyingi ni alama ya A au Av), ISO 400, tundu f/5.6 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa), fidia ya mwangaza (alama ya +/−) sifuri. Sogea hadi kanzu ijaze fremu yote, piga. Fanya hivyo kwa sweta, kisha kwa buibui. Sasa ziweke picha tatu sambamba kwenye skrini. Zote tatu ni za kijivu. Kanzu imekuwa kama haijafuliwa, buibui limepauka kama lililoanikwa juani miezi sita, na sweta peke yake ndiyo iliyotoka kama ilivyo.

Hapo umeona kwa macho jambo ambalo kitabu hulieleza kwa sura nzima. Kipimo cha mwanga ndani ya kamera hakijui kilicho mbele yake. Kimetengenezwa kudhani kwamba kila kitu kinarudisha mwanga kama kijivu cha kati, ambacho kwa desturi huhesabiwa kuwa kinachorudisha asilimia 18 ya mwanga unaokiangukia. Kikiona nguo nyeupe kinadhani mwanga umezidi, kinaubana. Kikiona nyeusi kinadhani mwanga ni haba, kinauongeza. Rudia zoezi: kwa kanzu weka fidia +1⅔, kwa buibui −1⅔. Kanzu itakuwa nyeupe na mishono ya darizi shingoni itabaki inaonekana. Buibui litakuwa jeusi, mikunjo yake ikiwepo. Endelea +2, +2⅓, uone ni wapi mishono inapotea. Hiyo ndiyo mipaka ya kamera yako, na hakuna kitabu kinachoweza kukuambia namba hiyo. (Fidia huhesabiwa kwa stopu: kupanda stopu moja ni kuongeza mwanga mara mbili, kushuka stopu moja ni kuukata nusu.)

Ukishaelewa kanzu na buibui, umeelewa ngozi. Hapa vitabu vingi vinahitaji kusomwa kwa uangalifu. Mfumo wa zoni, uliotungwa na Ansel Adams na Fred Archer karibu na mwaka 1940, huigawa picha kuanzia weusi mtupu hadi weupe mtupu, na kijivu cha kati ni zoni ya V. Vitabu vinavyoufuata huagiza uso wa mtu uwekwe zoni ya VI, stopu moja juu ya kati. Uso huo ni wa Mzungu. Hata kadi ambazo Kodak ilizisambaza kwa maabara kuanzia miaka ya 1950 ili mafundi wapimie rangi, maarufu kwa jina la Shirley, zilikuwa na picha ya mwanamke mweupe, na ngozi yake ndiyo iliyohesabiwa kuwa sahihi. Ukiuweka uso mweusi wa wastani zoni ya VI, unaupausha. Unatoka wa rangi ya majivu na paji linang'aa bila kitu ndani yake. Pima shavu kwa kipimo cha nukta (hali ya kamera ya kupima sehemu ndogo tu ya fremu), kisha shuka kati ya ⅔ na stopu 1 kwa ngozi nyeusi sana. Kwa maji ya kunde, baki kwenye sifuri au shuka ⅓.

Lakini usilikariri hilo kama sheria ya "mtu mweusi, shusha mwanga". Sheria hiyo imeharibu picha nyingi kuliko ilizookoa. Inafaa pale tu uso unapojaza eneo linalopimwa. Msimamishe mtu yuleyule ufukweni, mgongo kwa bahari saa 4 asubuhi, upime fremu nzima: anga na mchanga ndivyo vinavyotawala kipimo, kamera inabana, uso unakuwa giza. Hapo unapanda +1 hadi +2. Ngozi ni ileile. Kilichobadilika ni kinachojaza fremu.

Harusi inakusanya taabu zote mahali pamoja: shela nyeupe, suti nyeusi, nyuso za rangi mbalimbali, na vyote vinatembea. Ukiiachia kamera ipime yenyewe, picha ya bibi harusi inatoka giza na ya bwana harusi inatoka imeungua, ingawa wamesimama bega kwa bega chini ya mwanga uleule. Dawa yake ni hali ya mkono, alama ya M. Pima shavu la mmoja wao, weka namba, piga picha moja, angalia histogramu (mchoro wa mwanga wa picha, giza kushoto na weupe kulia). Mlima wa upande wa kulia usigandamane na ukuta, kwa sababu mwanga wa shela ukishapita hapo hakuna programu itakayourudisha. Namba hizo zinabaki vilevile mpaka mwanga wenyewe ubadilike. Piga kwa RAW (faili ghafi ambalo kamera haijalibana), si JPEG pekee. Faili moja la kamera ya megapikseli 24 hula karibu MB 25 hadi 30, kwa hiyo kadi ya GB 32 inabeba picha elfu moja hivi, beba mbili.

Kuna kanuni moja ya kale isiyohitaji kipimo chochote: jua likiwa wazi, weka tundu f/16 na kasi iwe sawa na ISO. ISO 100, kasi 1/100. Kutoka hapo unahamisha stopu kwa stopu: f/8 kwa 1/400, f/4 kwa 1/1600, mwanga ni uleule. Wingu jembamba f/11, wingu zito f/8 au f/5.6, kivuli cha wazi f/4, kasi ikibaki 1/100. Kanuni hii inasafiri vizuri mpaka huku kwetu kati ya saa 3 asubuhi na saa 9 alasiri. Itumie kuikagua kamera: ikiwa mchana mweupe inakupa namba zilizo mbali na hizo kwa stopu mbili, kuna fidia uliyoisahau tangu jana, na hilo hutokea mara nyingi mno.

Tundu la lenzi linafundishika kwa chupa tano za soda. Zipange mstari mmoja ukienda mbali nawe, sentimita 30 kati ya chupa na chupa, kamera ikiwa kwenye stendi mita 1.5 kutoka chupa ya tatu, na fokasi kwenye maandishi ya hiyo ya tatu. Piga f/1.8, f/2.8, f/4, f/5.6, f/8, f/11, f/16. Kuza kila picha hadi ukubwa kamili. Kwa lenzi ya milimita 50 kwenye kamera yenye kihisi (kipande kinachopokea mwanga badala ya filamu) kidogo cha APS-C, f/1.8 inakupa unene wa sentimita 6 au 7 tu ulio mkali, chini ya umbali wa kutoka jicho hadi sikio. Ndiyo maana picha ya uso iliyopigwa kwa tundu wazi kabisa mara nyingi ina pua kali na macho yaliyofifia: kamera ilikamata kilicho karibu. Weka nukta ya fokasi kwenye jicho lililo karibu nawe. Ukifika f/8 unene unakaribia sentimita 29. Na ukifika f/16, zitazame tena chupa: zote zinasomeka, lakini ile ya katikati haina tena ukali iliyokuwa nao kwenye f/5.6. Mwanga ukipenya tundu dogo mno hutawanyika. Kwa kamera za kihisi hicho, usivuke f/11 bila sababu.

Kasi ya shata ifanyie mazoezi barabarani, bodaboda zinapopita. 1/1000 inaigandisha. 1/250 inaacha gurudumu likizunguka. Kwa 1/30, mfuate dereva kwa kiwiliwili chako, kuanzia kiunoni, miguu ikiwa imetulia, bonyeza bila kusimama na uendelee kumfuata hata baada ya mlio wa shata. Katika picha 20 za kwanza pengine mbili zitafaa. Wanaokosa karibu wote husimamisha mwili wakati wa kubonyeza. Kuhusu mkono kutikisika, kanuni ya vitabu ni kasi isiyopungua 1 kugawanywa kwa urefu wa lenzi kwa milimita. Kwa kihisi kidogo zidisha mara 1.5, hivyo milimita 50 inataka 1/80 au zaidi.

Kuna ukurasa mwingine wa kusahihisha kwa penseli. Vitabu vya Kimarekani husema ndani ya nyumba yenye taa za umeme utumie 1/60 au 1/120, usipate michirizi. Umeme wa Marekani hukamilisha mizunguko 60 kwa sekunde (hezi 60), hivyo taa zao humeta mara 120. Wa Tanzania, Kenya na Uganda ni hezi 50, na tubelaiti zetu humeta mara 100. Ukumbini weka 1/50 au 1/100, shata ibebe mmeto mzima. Ukipiga 1/500 chini ya tubelaiti, picha moja inatoka ya njano, inayofuata ya kijani, ya tatu ina mkanda wa giza katikati, na utailaumu kamera bure. Kwa video ya simu, ingia kwenye mipangilio uchague hezi 50. Taa za LED za jukwaani zina mmeto wao usiofuata umeme wa ukutani. Shusha kasi hatua kwa hatua mpaka michirizi itoweke, na uzime shata ya kimyakimya, maana hiyo huuzidisha.

Turudi kwenye mwanga wenyewe, kwa sababu hapa ndipo mtu anayejifunza peke yake hupata faida kubwa kwa gharama ndogo kabisa. Chukua yai lenye ganda jeupe. Liweke juu ya karatasi nyeupe kwenye kigoda, mita 1 kutoka dirishani, taa zote zimezimwa. Litazame dakika nzima kabla ya kupiga. Upande wa dirisha ni mweupe. Kisha weupe unafifia polepole hadi kivuli. Na chini kabisa, ndani ya kivuli, kuna mstari hafifu wa mwanga. Huo ni mwanga uliorudishwa na karatasi. Weka kitambaa cheusi mahali pa karatasi: mstari umekufa, na yai limekuwa zito. Simamisha karatasi ya manila nyeupe upande wa kivuli, sentimita 20 kutoka kwenye yai: kivuli kimefunguka. Sogeza kigoda hadi sentimita 30 kutoka dirishani, kisha mita 3. Karibu, dirisha ni kubwa mbele ya yai na ukingo wa kivuli ni laini. Mbali, dirisha lilelile limekuwa dogo na ukingo umekaza. Mwanga mlaini ni mwanga mkubwa ukilinganisha na kinachomulikwa, basi.

Sasa badilisha, weka yai la kahawia, ulipake tone moja la mafuta ya kupikia. Vitabu vingi haviendi mpaka hapa, na ndipo uso mweusi unapofundishika. Katika yai jeupe umbo lilichorwa na kivuli. Katika hili, umbo linachorwa na mng'ao: utaona dirisha zima limejichora juu ya ganda, dogo, lenye kingo. Sogeza kichwa chako, nao unasogea. Ngozi nyeusi iko hivyo. Inapata umbo lake kwa mng'ao unaopita juu ya shavu, mfupa wa pua, na bega. Balbu tupu au flashi ndogo ya moja kwa moja inaacha doa kali jeupe kwenye paji. Dirisha pana, au shuka jeupe lililotundikwa mbele ya mlango wenye jua, linaacha mng'ao mpana unaofuata mfupa. Kwa hiyo usiufute mng'ao wote kwa poda. Panguza jasho kwa tishu, kisha mzungushe mtu kidogokidogo mpaka mng'ao ukae unapoutaka. Jedwali la kamera halisaidii hapa, ni jicho tu.

Saa 6 mchana vitabu husema subiri jioni. Lakini mteja amekuja saa 6. Jua likiwa utosini, matundu ya macho yanakuwa mashimo na pua inaangusha kivuli mdomoni. Msogeze kwenye ukingo wa baraza, hatua moja tu ndani ya kivuli, uso wake uelekee nje. Paa linalizuia jua, na ua wenye mchanga au saruji unamrudishia mwanga kutoka chini na mbele. Angalia huo unaorudi una rangi gani: mchanga mweupe wa pwani ni safi, udongo mwekundu wa bara huleta wekundu kidevuni, na majani mabichi huleta ukijani ambao ni mgumu kuuondoa. Chini ya mwembe sogea kwenye shina, mbali na madoa ya jua yanayopenya kingoni. Doa moja usoni linatosha kuiharibu picha.

Na jioni yenyewe msiisubiri kwa kutegemea saa za kitabu. Karibu na ikweta jua hushuka karibu wima. Kutoka nyuzi 6 juu ya upeo hadi kuzama huchukua kama dakika 25; London mwezi Machi ni karibu dakika 40, na Juni ni zaidi. Kitabu kikisema una saa nzima ya mwanga wa dhahabu, hesabu nusu yake. Dar es Salaam fika saa 11 jioni, pima, pangilia watu, na picha kubwa iwe imekwisha jua linapogusa minazi.

Flashi inaeleweka kwa hesabu moja. Umbali ukiongezeka mara mbili, mwanga unaobaki ni robo. Kundi la familia lina safu ya mbele mita 2 kutoka kwako na ya nyuma mita 4: wa nyuma wanapata robo ya mwanga wa mbele, yaani wajukuu wameungua na wazee wako gizani. Rudi nyuma mita 3. Sasa safu ziko mita 5 na mita 7, na tofauti imepungua hadi stopu moja tu. Namba ya nguvu ya flashi igawe kwa tundu upate umbali wake: flashi ya 36 kwa ISO 100, tundu f/8, inafika mita 4.5. Kasi isivuke 1/200 kwenye kamera nyingi. Ukizidisha utaona mkanda mweusi ukingoni mwa picha, kwa kuwa pazia la shata limefunika sehemu ya kihisi flashi inapowaka. Kuelekeza flashi darini ni ushauri mzuri wa kitabu, wenye dari nyeupe ya mita 3 akilini. Chini ya makuti mwanga humezwa na unaorudi ni wa kahawia. Chini ya hema la harusi lililopambwa kwa kitambaa cha waridi, nyuso zote hutoka za waridi. Hapo tafuta ukuta mweupe pembeni, au mtu akushikie manila.

Chapisha picha chache. Kumi tu kila baada ya miezi mitatu, kwa ukubwa wa sentimita 20 kwa 25. Skrini ya simu huongeza mwanga na kuficha fokasi iliyokosea kidogo, karatasi haifichi. Zipange mezani pamoja na ukurasa wa daftari wa siku ile, na ukague jambo moja moja: kwanza macho ya mtu tu katika picha zote kumi, kisha kingo za fremu katika zote kumi.

Limebaki jambo ambalo vitabu vya nchi kavu hulipa aya moja, nalo huku pwani huua lenzi. Kuvu huota ndani ya kioo unyevu wa hewa ukidumu juu ya asilimia 60 hivi, na Zanzibar, Mombasa na Dar es Salaam unyevu hupita hapo siku nyingi za mwaka. Usiiweke lenzi kwenye mkoba wa ngozi kabatini. Ngozi hushika unyevu. Nunua ndoo ya plastiki ya lita 10 yenye mfuniko wa kubana, kipimo kidogo cha unyevu, na gramu 200 za silika jeli, ushikilie asilimia 40 hadi 50. Jeli ikibadilika rangi imejaa. Ikaushe kwa joto la karibu nyuzi 120 kwa saa mbili au tatu, ila ile ya buluu ina kobalti, isikaribie chombo cha chakula. Ukitoka chumba chenye kiyoyozi kwenda nje, ifunge kamera ndani ya mfuko wa nailoni dakika 20 hadi 30, ili mvuke ugande juu ya mfuko badala ya kioo. Na kila mwezi ifungue lenzi tundu lote, uimulike kwa tochi kutoka nyuma, utazame kwa pembe. Vumbi ni nukta, halina neno. Ukiona uzi mweupe unaotambaa kutoka ukingoni kama utando wa buibui, mpelekee fundi wiki hiyohiyo, kabla haujala koti la kioo (tabaka jembamba lililopakwa juu yake). Ukishalila, hata kuvu likisafishwa alama yake inabaki kwenye kioo.